Bomba Lisiloshika Kutu

Fundi wa ekzosi tuliyekuwa naye Bariadi hakuwahi kumiliki gari, na akipewa lifti alikataa. Alitembea kwa baiskeli hata kwenda Maswa, jua liwe kali au mvua inyeshe. Ukimwuliza sababu anakwambia, “Mimi ni daktari wa matumbo, Mwalimu. Ukishaona matumbo ya mtu huwezi tena kula naye sahani moja.” Kisha anacheka peke yake, maana utani wake aliupenda kuliko sisi tuliousikiliza.

Nilikaa naye ua mmoja zaidi ya miaka ishirini. Huku kwangu mihogo na kuku, kule kwake mitungi ya gesi na mabomba, katikati uzio wa minyaa. Nilikuwa nikisahihisha madaftari ya Sayansi ya darasa la sita huku nyundo yake inalia, na wageni walionihurumia kwa kelele hizo sikuwaelewa. Kelele za nyundo yake nilizizoea, na siku ambayo hazikusikika nilitoka nje kuuliza kama anaumwa. Kilichonichosha katika maisha ya jirani yule ni mambo mengine, na ndiyo nitakayoyasema, ingawa nimechelewa.

Sikio lake lilikuwa la ajabu. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na gari likipita barabarani katikati ya mahubiri utamwona anainamisha kichwa. Tukitoka ananinong'oneza kwamba lori la fulani lina ufa kwenye kiungo cha pili, atakuja kesho. Na kweli kesho mwenye lori yuko mlangoni. Padri alimwonya mara moja kwamba nyumba ya Mungu si gereji. Akajibu kwa adabu, “Ni kweli Baba, lakini Mungu ndiye aliyelipitisha.”

Alikuwa na ovaroli ya bluu yenye jina la chama cha ushirika mgongoni. Ushirika ulikufa, ovaroli ikabaki. Alipokuwa gereji ya ushirika, lori likikatika bomba lilisubiri kibali kutoka Shinyanga, maana wakati ule tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na kibali kikichelewa pamba ililala ghalani Sola mpaka panya wakajenga humo. Yeye hakusubiri. Alikunja sailensa kwa bati la pipa, akajaza ndani mabaki ya chuma yaliyosokotwa, akachomelea. Mabomba yale yalikuwa mazito na yanatisha kwa sura, lakini yalikaa. Baadaye ikaja ruksa ya biashara huria. Wanunuzi binafsi wakamiminika na mizani zao, magari ya mtumba kutoka Japani yakaanza kuonekana hata kwenye vumbi letu, na gereji ya ushirika ikafungwa kwa kufuli ambalo hakuna aliyewahi kurudi kulifungua. Wenzake walilia. Yeye alibeba mitungi yake, akasema kila gari linatoa moshi, la serikali na la mtu binafsi.

Alipenda kusema mambo mafupi. “Moshi usipopata mlango wa nyuma utatokea wa mbele.” “Kutu ni mwajiri wangu, msimtukane.” Na kwa wateja wanaoficha walikogonga, “Mficha uchi hazai, sema jiwe lilikuwa wapi.” Lakini yeye mwenyewe alikuwa mficha uchi mkubwa. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kwa mwanga wa kuchomelea, hata mkewe hakuambiwa. Niligundua siku nilipompa chai upande huo akapapasa hewani kama anatafuta kitasa.

Nieleze juu ya nyundo, maana bila hiyo hutamwelewa. Kila kiungo alichochoma, kikishapoa, alimwita mwenye gari asimame karibu, kisha akakipiga nyundo mara tatu kwa nguvu zake zote. Alikuwa na mabega ya mtu aliyekulia kwenye jembe la ng'ombe, na alipiga kwa chuki kabisa, kama mtu anayeua nyoka. Kiungo kikipasuka anakitupa, anaanza upya bila kinyongo. Kisipopasuka anasema, “Chukua. Kikikatika rudi.” Mafundi wengine walimcheka kwamba anavunja kazi yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu waende wakamtazame yule mzee, kwa sababu sikumjua mtu mwingine mjini pale aliyekuwa tayari kujiaibisha mbele ya mteja.

Sasa bomba.

Lililetwa na dereva wa mnunuzi mmoja wa pamba, mtu wa Mwanza aliyekuwa na gari dogo jeupe la Kijapani. Dereva alikuwa kijana wa huku kwetu, wa kijiji kimoja upande wa Kimali, mchangamfu, mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma.

“Mwadila, Fundi.”

“Mwadila, ngosha. Limekufia wapi hilo?”

“Njia ya Lingeka. Jiwe limelipiga, likakatika katikati. Tajiri kasema tia hata bomba la bati, mradi gari lisitupigie kelele. Tuna pamba ya kufuata.”

Fundi alilipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea mabomba yote, akajikaza kulibeba, nusura aanguke chali. Halikuwa na uzito. Aliniita juu ya minyaa. “Mwalimu, njoo ushike! Hili ni bomba au kibuyu?” Nikashika. Lilikuwa kama kibuyu kweli. Akaleta sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, sumaku ikateleza ikaanguka. Akaligusisha kwenye jiwe la kusagia, zikaruka cheche nyeupe zenye kung'aa tusizowahi kuziona kwenye chuma. Upande uliokuwa karibu na injini lilikuwa na rangi ya zambarau na bluu, kama shingo ya njiwa. Na gari lenyewe lilikuwa kuukuu, sakafu yake imeliwa na kutu mpaka unaona barabara, lakini bomba lile halikuwa na doa. Lilikuwa limechongwa maandishi ya Kijapani, na chini yake neno moja kwa herufi zetu.

Nilikuwa na kitabu cha kemia cha siku za chuo cha ualimu. Nilikifungua, nikalitafuta neno lile, nikamsomea. Titani, metali nyepesi kuliko chuma cha pua, yenye nguvu, haishiki kutu hata baharini, hustahimili joto kali. Mistari mitatu tu. Juu ya kuichomelea hakikusema kitu. Fundi aliniomba niisome tena, kisha mara ya tatu, akasimama ameshika kiuno.

“Kumbe kipo,” alisema. “Maisha yangu yote napigana na kutu, kumbe kuna watu wamekwisha mshinda.”

Dereva alirudi na gari likinguruma bila bomba, likawa linazunguka mji hivyo wiki nzima, watoto wakilikimbilia. Fundi hakufanya kazi nyingine. Alikata kipande kidogo, akakitia kwenye kopo la maji ya chumvi na mkojo wa ng'ombe, dawa ambayo hula bati la paa kwa mwezi. Kila asubuhi alikitoa, akakifuta, akanionyesha. Hakuna kitu. Alianza kuongea juu ya lile bomba kama mtu mzima aliyependa upya, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kumwona hivyo, maana tangu ushirika ufe nilikuwa sijaona uso wake unanyooka. Nilimwambia mara moja tu, “Si utie bati kama walivyokwambia?” Akanitazama kama nimemtukana mama yake. “Kazi ya kutia bati wataifanya wengine.”

Alilichoma kwa gesi siku ya Jumamosi mchana, kwa waya alioukata kwenye bomba lenyewe. Kiungo kilipopoa kilikuwa kizuri kuliko kazi yake yoyote. Dhahabu, kijani, zambarau, na pembeni unga mweupe kama majivu, ambao aliupangusa kwa kitambaa. Dereva akaitwa asimame karibu. Fundi akachukua nyundo.

Nilikuwa nimesimama juu ya kiti, nimeegemea minyaa, nikitazama kila kitu. Alipiga mara tatu, lakini hakupiga kama anavyopiga. Aligonga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya wakwe. Likalia vizuri, sauti nyembamba. “Chukua,” akasema, na hakumalizia maneno yake ya siku zote. Nilishuka kwenye kiti nikaenda kuwasha moto. Nilijiambia ni kazi yake, anajua mwenyewe.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, na mbuga zetu zikilowa udongo mweusi hushika gurudumu mpaka jua limwonee huruma mtu. Alasiri moja yule kijana dereva alikwama kwenye kijito upande wa kwao, peke yake. Akafunga vioo, akaacha injini inawaka apate joto, akangoja maji yapungue. Wachunga ng'ombe walipopita mvua ilipokatika walimkuta amelaza kichwa kwenye usukani. Hakuwa na jeraha. Midomo yake ilikuwa myekundu, wakasema, kama ya mtu mwenye afya.

Gari lilivutwa kwa trekta mpaka Bariadi. Fundi akaenda akalala chini yake kwenye tope. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu, hakupita hata kwake kunawa.

“Mwalimu, limepasuka. Chini ya kiti chake hasa, palipo na tundu la kutu.”

“Una hakika?”

“Bomba ni zima kila mahali, isipokuwa pale nilipogusa mimi.”

Nilimpa maji ya kunawa. Na siku hiyohiyo, wakati yeye ananawa, habari ilikuwa imekwisha fika mjini kwamba huko kijijini wameenda kwa mganga, na mganga amesema kijana hakufa kifo cha Mungu. Alikuwepo bibi mmoja, mjane, jirani wa familia, asiye na mtoto aliyebaki hai, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kupikia samadi. Siku ile ya mvua alionekana barabarani akisema na kijana kwenye dirisha la gari. Walihitaji hilo tu.

“Naenda kuwaambia,” alisema Fundi.

Mimi ndiye niliyemzuia. Naandika hapa kwa mkono wangu. Nilimwambia, “Fundi, wale wana msiba na wana mikuki. Una watoto. Ngoja kwanza mambo yapoe.” Nilijua ninachosema, na nilijua pia kwamba bibi yule hana muda wa kungoja. Alikubali haraka, na haraka yake ile ilitutia haya sote wawili. Baada ya siku nne nyumba ya bibi ilichomwa moto. Hawakumuua. Wazee walisema wamemhurumia, wakamfukuza na nguo aliyovaa. Nimeishi sana na sijaona mambo yakipoa yenyewe.

Ndipo akaenda. Alifunga bomba kwenye baiskeli akasafiri mpaka kijijini kwa kina marehemu, upande wa Kimali, na aliporudi alinisimulia ameketi chini, mgongo kwenye minyaa. Walimpokea vizuri. Walimpa ugali na maziwa mgando. Akawaeleza juu ya moshi, kwamba hauna harufu unapoua, kwamba unamlaza mtu kama usingizi, kwamba kosa ni la kiungo chake. Wakamsikiliza bila kumkatiza. Baba wa marehemu akaomba bomba. Akaligeuza, akalipima mkononi, akalikuna kwa kisu.

“Mzee, hiki chuma kina kutu?”

“Hakina.”

“Kiliwahi kuwa nayo?”

“Hakipati kutu kabisa.”

“Basi kitu kisichopata kutu kimevunjikaje? Tumevunja mapipa, tumevunja majembe, yote yanaanza kwa kutu.” Akawapitishia wenzake bomba walione. “Mmemsikia fundi mwenyewe. Hata bomba alilivunja yule bibi.”

Wakamshukuru sana. Wabeja, wabeja, mikono yote miwili. Walimsindikiza mpaka njiani, na mmoja akamwambia walikuwa na shaka kidogo mioyoni mwao, lakini sasa ameiondoa.

Nilimtazama akisimulia, nikatamani kucheka na kupiga kelele. Kwa hasira nilikirusha kitabu kile cha kemia chini ya kitanda. Mistari mitatu ilikuwa kweli yote, na ilitumika kumhukumu ajuza.

Alifunga safari mpaka Mwanza kumtafuta mtu aliyesoma mambo ya metali. Akampata, mwalimu wa ufundi, akamwonyesha kiungo. Yule mtu hakuhitaji hata kukishika. Alimwambia metali hii ikipata moto hunywa hewa, na ikinywa hewa hugeuka kigae. Huchomwa imefunikwa kwa gesi maalumu ndani na nje, hewa isiiguse. Ule unga mweupe ndio dalili yenyewe. “Ungelipiga kwa nguvu,” alimwambia, “lingepasuka hapohapo kama chungu.” Hilo aliniambia akitazama pembeni, wala hakuniuliza kama siku ile nilikuwa juu ya kiti. Nami sikumwambia.

Baada ya hapo aliendelea na kazi, lakini ufundi ulimtoka polepole. Alikataa magari ya Kijapani. Malori ya zamani yaliyokuwa riziki yake yakaishia kuwa vyuma chakavu, vijana wakafungua gereji barabara ya Lamadi, na wateja wakahamia huko. Nyundo alipiga vilevile, kwa nguvu zaidi hata, kazi nzuri na mbaya akizivunja zote, mpaka watu wakasema mzee amechanganyikiwa. Mkewe alifariki. Watoto walitawanyika, mmoja Geita, mwingine sijui wapi. Na yule bibi alikuwa hapahapa mjini.

Hilo nililijua baadaye. Alijikokota mpaka Bariadi akapewa pa kukaa na wasamaria nyuma ya ghala bovu la pamba. Fundi alimtafuta akampata. Kila siku alimpelekea maji kwa baiskeli, madumu mawili, na kuni, na wakati wa njaa dengu. Hakumwambia yeye ni nani. Bibi alidhani ametumwa na kanisa, akawa anamwita mtu wa kanisa, na yeye akaitikia. Miaka ikapita hivyo, mkoa ukagawanywa tukaitwa Simiyu, mimi nikastaafu, na madumu hayakukoma. Nilimwuliza kwa nini asimwambie. Alisema kila siku anaondoka nyumbani na maneno, akifika anakuta amebeba maji tu.

Asubuhi moja alikuja kwangu amevaa shati jeupe. Alikuwa amekonda, lile jicho la pili nalo limeanza ukungu.

“Mwalimu, twende. Bibi hamalizi wiki hii. Nataka kumwambia, na nataka shahidi, ili watu wakiuliza uwepo wa kusema.”

“Nitasema,” nilimjibu.

Tulimkuta amelala kwenye ngozi ya ng'ombe, mdogo kama mtoto. Fundi alipiga magoti. Akasema yote kwa Kisukuma, hakuruka kitu, bomba, gesi, nyundo, hata kwamba aligonga kwa huruma kwa kuwa alilipenda. Alilia. Sikuwahi kumwona akilia, na sikujua mtu anaweza kubeba machozi mengi vile kwa nusu ya jicho.

Bibi akanyoosha mkono akatafuta kichwa chake.

“Umenichotea maji miaka yote hii, baba,” alisema. “Sasa unataka kunibebea na hili. Usinidanganye ili nife vizuri.”

“Sikudanganyi, mayu. Ni mimi.”

“Wewe hukuwepo barabarani. Nilimwomba anipandishe, mvua ilikuwa inaninyeshea. Akasema gari ni la tajiri, akafunga kioo. Nikasema moyoni, na usifike. Nilisema kwa moyo wangu wote. Na hakufika.” Alipumua kidogo. “Walinionea kunichomea nyumba. Lakini hawakukosea. Mtoto wa watu nilimuua mimi.”

Fundi alirudia. Alirudia kwa sauti, akamshika mikono, akamsihi. Bibi akampapasa kichwa kama anavyobembelezwa mtoto mwenye homa, akisema haya, haya baba, nimesikia, Mungu akubariki. Tukatoka tukasimama kwenye jua. “Hata yeye hakuniamini,” alisema Fundi, akatangulia kwenda nyumbani.

Bibi alifariki siku ya tatu. Ndugu hawakuja. Tulikuwa watu saba, wengine majirani wa ghala waliokuja na majembe kwa utu tu. Fundi alichimba hadi mikono ikamtoka damu. Kabla ya kufukia, mmoja wa wachimbaji, mtu mzima mwenye heshima zake, aliegemea jembe akauliza kwa sauti ya kawaida, “Huyu si ndiye yule mchawi wa upande wa Kimali, aliyemmaliza dereva?”

Fundi aliinua uso kutoka shimoni akanitazama mimi. Alikuwa ananingoja.

Nikasema tufukie haraka, mvua inakuja.